Diski Zisizochakaa

Tunayo furaha kutangaza kwamba Ofisi ya Usajili sasa ina diski zenye afya bora kuliko ofisi zote za serikali. Tangu agizo la mkurugenzi lianze kutekelezwa, siku kumi na tisa zilizopita, hakuna diski hata moja iliyochakaa. Zinang'aa kama meno ya mtoto. Hilo lilikuwa tangazo letu la Alhamisi.

Mafanikio hayo yalikuwa na mchango wangu mdogo. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu niajiriwe nilipoandika ripoti ya kurasa tisa kuhusu namna ya kuongeza kasi ya diski zetu mpya, zile za kompyuta ziitwazo SSD. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba kila unapohifadhi kitu, diski huchakaa kidogo. Kurasa nane zilizobaki zilieleza kwamba si jambo la kutisha: ziachiwe nafasi, mafaili yasiyo na kazi yafutwe, zisipate joto.

Mkurugenzi aliusoma ukurasa wa kwanza kwa makini sana.

"Kijana, umetuokoa," aliniambia. "Kuanzia leo ni marufuku kuhifadhi chochote bila fomu yenye saini yangu."

Nikateuliwa katibu wa Kamati ya Kuboresha Utendaji wa Diski. Mjumbe mwingine alikuwa tarishi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha mikutano.

Mtu wa kwanza kunufaika na utaratibu huo alikuwa bibi mmoja, fundi cherehani. Alitaka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Bila cheti, mtoto asingeandikishwa shule, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa Ijumaa. Nilimjazia fomu, nikaiweka kwenye trei ya mkurugenzi. Bibi alirudi kila siku.

"Mwanangu, hiyo mashine mbovu?"

"Hapana, bibi. Ni nzima kabisa. Ndiyo maana hatuigusi."

"Mimi cherehani yangu ina miaka thelathini. Nikiacha kuishonea ndiyo inakufa."

Niliyaandika maoni yake. Usingizi, hata hivyo, ulianza kunipaa.

Ijumaa asubuhi fomu kwenye trei zilikuwa mia sita na kumi na mbili, na saini hazikuwapo. Mkurugenzi alikuwa anaandaa hotuba kuhusu kasi. Saa tatu simu ikalia kutoka wizarani. Nilimwona akisimama, akakaa, akasimama tena.

"Wanasema mkataba wangu uliisha jana, na mpya hawauoni kwenye mfumo! Barua ya mkataba si ililetwa jana jioni?"

"Ililetwa, mzee. Nikaijazia fomu. Ipo kwenye trei, ya juu kabisa."

"Hifadhi sasa hivi! Saa kumi wanafunga!"

"Inahitaji saini ya mkurugenzi."

"Mkurugenzi si mimi?"

Tarishi alikohoa. "Kwa mujibu wa simu, mzee, bado."

"Basi nalifuta agizo!"

"Kufuta agizo nako kunataka mkurugenzi," nilisema, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Kanuni zinasema ofisi ikikosa mkurugenzi, mambo ya diski yaamuliwe na kamati. Tarishi akafungua chumba cha mikutano. Tulikaa dakika mbili, agizo likafutwa kwa kura mbili dhidi ya sifuri. Tuliazimia pia kwamba fomu zishughulikiwe kwa haki, aliyetangulia kuja atangulie kuhudumiwa. Trei tukaipindua.

Diski zilikwenda kama upepo. Saa nne kasoro robo cheti cha mjukuu kilikuwa mkononi mwa bibi, bado kina joto la printa. Alilisoma jina herufi kwa herufi, akakifutika kifuani, akatoka mbio akielekea shuleni.

Mkurugenzi wa zamani alisimama nyuma ya kiti changu mchana kutwa.

"Ongeza kasi, mwanangu."

"Kasi ipo, mzee. Wewe ni wa mia sita na kumi na mbili."

Saa kumi kamili tulikuwa tumefika mia tano na themanini. Tarishi akamvutia benchi la wananchi, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Jumatatu wahi, mzee," alimwambia. "Tukifungua mlango tu, watu wanakuwa wengi."