Heshima Niliyompelekea Bwana Shauri

Jumatatu, 7 Machi 1955
Ednah mjukuu wangu, nakuandikia katika daftari hili kwa hasira. Tangu Krismasi hujakanyaga mlangoni pangu. Usisingizie barabara kufungwa. Barua za kasisi zinapita. Herufi hizi nilizojifunza darasa la ubatizo zinanichosha mkono, lakini utazisoma zote.

Shangazi yako Wawira amejifungua kule Manyatta. Msichana. Amepewa jina langu. Lazima nimpelekee uji na kuni kama mama yeyote, na bila pasi ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, sivuki handaki tulilochimbishwa kuzunguka kijiji. Njue mkalimani hunipunguzia maneno: nasema kikapu, yeye anampa Bwana Shauri kiganja. Nitasema Kizungu mwenyewe.

Jumanne, 8 Machi
Mwalimu Naftaly amenifundisha maneno ya kujibu ukiulizwa mara ngapi. Mengi mno, yanachanganya. Nimeyafunga kwenye vitu. Olwezi, kila siku: moshi wa jiko langu. Ofeni, mara nyingi: kelele za jirani Njura. Samtaimu, mara mojamoja: nyama. Seldomu, kwa nadra: wewe, Ednah. Neva, kamwe: Njue kuoga.

Njura amecheka, eti Kizungu kitanivunja meno. Nikamwambia yamebaki mawili, kivunje tu.

Alhamisi, 10 Machi
Mbele ya meza ya pasi nimemsukuma Njue kando. Bwana Shauri akauliza huwa naja kuchimba handaki mara ngapi. Nikaelewa. Sijakosa hata siku moja. Lakini mtu mzima hujisifu? Zizi langu lilipokuwa limejaa, nilikuwa nasema nina kindama kigonjwa. Nikainamisha kichwa, nikajibu: seldomu. Akauliza kama huwa nagombana na askari. Asije akadhani najiona mwema, nikasema: olwezi.

Muhuri ameuweka kando. Hakuna pasi. Njue akaniita cucu, kama bibi yake, akaniambia: nilikuwa nimeshamweleza Mzungu kwamba hakuna mchapakazi kama wewe hapa kijijini, ungenyamaza tu. Nikaziba pua. Ananuka.

Jumamosi, 12 Machi
Nimechimba tangu asubuhi, adhabu. Njura amepata pasi. Ndiye aliyebeba uji wangu. Mtoto mwenye jina langu ataona uso wa Njura kabla ya wangu. Nimelia kidogo, kisha nimekula.

Nimefikiri, nimeona kosa liko wapi. Seldomu lina majivuno. Anayesema kwa nadra bado amejisifu kidogo. Jumatatu narudi, nitasema neva.

Nawe ukija, maana ninyi wa shule hamnyimwi pasi, pitia Manyatta kwanza. Mbebe huyo mtoto, mlaze begani mpaka asinzie. Kisha njoo moja kwa moja, usinawe shingo, nikunuse.