Yah: Kuwaacha Nyumbani Ndugu Wasioiweza Safari ya Robe

Horsham, Desemba 4

Kwa Mwenyekiti wa Safari ya Familia ya Laidlaw,

Wifi yangu Jeanette,

Nimeupokea kwa heshima zote ujumbe wako wa Jumapili kwenye kundi la familia, ule unaosema kwamba mwaka huu, Babu anapotimiza miaka themanini, ingekuwa "vizuri kwa kila mtu, hasa wao wenyewe" wanangu Tilda na Rory wabaki Horsham na mtu anayeuelewa usonji wao, ili sisi wengine twende Robe, pwani, tukapumzike. Mwishoni ukaweka na emoji ya kijiua. Nimekiona kijiua. Kaka yako Darryl aliusoma akaniambia, "Achana naye, ndivyo alivyo," akatoka kwenda kukata majani. Mimi nimekaa siku nne nautafakari, na nimeona unasema kweli. Safari ya Januari si ya kila mtu. Katika ukoo huu wapo watu wasioiweza, na ni ukatili kuwaburuta kila mwaka huku tunaona wanavyoteseka. Ila majina ndiyo umekosea. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Kuhusu saa. Wanangu huanza kujiandaa wiki sita kabla, jambo ambalo huenda hulijui kwa kuwa hujawahi kuuliza. Ukutani jikoni kwetu pana ubao wa safari wenye picha zinazobandikwa kwa mpangilio: gari, mifuko, choo cha buluu kwenye bustani ya Naracoorte, gati la Robe. Sheria ya ubao ni moja tu. Kilichobandikwa kitatokea, na hakibanduliwi ila na aliyekibandika. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi: tunapakia mifuko, tunafunga mikanda, tunaendesha hadi Natimuk, tunageuza, tunarudi kupakua. Uani tumeshalala kwenye hema mara nne.

Safari iliyopita ratiba yako ilisema tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi tulikuwa mbele ya nyumba yako, Rory na vifunika masikio vyake, Tilda na ramani mapajani. Ukatoka na gauni la kulalia ukasema, "Jamani, mmekuja kweli? Mimi nilimaanisha kumi na mbili ya kwetu." Tuliondoka saa mbili na dakika ishirini. Muda wote huo Rory, mtoto wa miaka saba, alikaa kwenye gari amefunga mkanda, hakunung'unika. Aliyesusa ni mumeo, Shemeji Neville, mtu mzima na ndevu zake, eti kamba ya kasha la barafu imefungwa kwa fundo asilolipenda.

2. Kuhusu mpaka. Mtu yeyote wa Horsham anajua kwamba matunda na nyanya havivushwi kuingia jimbo la South Australia, kwa sababu ya nzi wa matunda. Mabango yapo, mapipa ya kutupia yapo, na siku ile maofisa nao walikuwepo. Shemeji Neville, kwa kuzipenda mno nyanya za bustani yake, alizificha kwenye gari letu, chini ya kiti cha Tilda, akamkonyeza na kumwambia, "Hii siri yetu, sawa?" Ofisa alipoinama dirishani kuuliza kama tuna chochote, Tilda alimjibu vizuri, kwa adabu: "Zipo tisa. Ziko chini ya kiti changu. Ni za Anko Neville, yuko kwenye lile gari jeupe nyuma yetu, na ni siri."

Neville alibishana na yule ofisa nusu saa, kwamba yeye anavuka hapo tangu ofisa hajazaliwa. Nyanya zikaenda pipani na yeye akanuna hadi jioni. Wewe ukaniambia Tilda "hajui kusoma hali". Wifi, mtoto alisoma bango. Neville ndiye aliyehitaji kuandaliwa mapema, taratibu, kwa picha. Nimemtengenezea moja, nimeiambatisha: nyanya, na juu yake alama nyekundu ya kukataza.

3. Kuhusu kung'ang'ania mambo. Umeandika kuwa wanangu "hawabadiliki", kwamba Rory anakula tambi tupu kila siku na Tilda hakai ila kiti kile kile. Ni kweli. Sasa tumtazame Babu. Miaka ishirini na sita mnapanga kiwanja namba thelathini na nne pale kambini. Mwaka ule bomba lilipopasuka, meneja akawaomba muhamie namba thelathini na tano, hatua sita pembeni, bahari ile ile, mti ule ule. Babu alikaa kwenye gari akasema, "Pale si pale." Mkaandika barua ya malalamiko, na wewe ndiye uliyeipiga chapa. Babu anasafiri na birika lake. Mkate wake wa kupakwa Vegemite unakatwa mara tatu, si mbili. Tulishawahi kugeuza gari kutoka Edenhope kufuata kikombe. Akivua samaki pale gatini anasimama kwenye ubao wa kumi na moja, na ole wake mgeni atakayemkuta amesimama hapo. Kwangu mambo haya yana barua ya daktari. Kwenu yanaitwa "desturi za Babu", na mnayacheka kwa upendo wakati wa chakula.

4. Namba hii nilitaka kuiruka. Ratiba ilisema tutapumzika Naracoorte, bustanini, penye choo cha buluu. Choo hicho kilikuwa ubaoni kwetu wiki sita. Wewe ukaamua njiani kutufanyia "mshangao mzuri", ukatupeleka duka la mikate la barabara kuu, lililojaa watu, mashine ya kahawa inafoka, watoto wa watu wanagongana. Rory akalala sakafuni na kupiga kelele kwa dakika ishirini. Najua ilikuwa aibu. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni pale pamoja naye, kwa hiyo najua hata rangi ya vigae. Yule mama wa dukani alipokuuliza kama anaweza kusaidia, wewe ulishika pai yako mkononi ukamwambia, "Hapana dada, sisi hatuko pamoja nao."

Iliniuma, Jeanette. Bado inaniuma. Tilda aliniuliza kwenye gari, "Kama hawako pamoja na sisi, mbona wanatufuata?" 

Kutokana na hayo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo. Kwamba mwaka huu wewe na Shemeji Neville mbaki Horsham chini ya uangalizi wa jirani yetu Bi Ottaway, mwanamke mwenye subira, aliyelea mbwa watatu wenye tabia ngumu na wote wakatulia. Nitamwachia maelekezo yenu: kwamba wewe usiambiwe saa kamili maana inakuchanganya, na kwamba Neville asipewe kamba. Mkizidiwa na huzuni, kuna kitabu cha picha cha Robe, gati, mawimbi na kiwanja namba thelathini na nne. Mkifungue polepole, ukurasa mmoja kwa siku. Babu atakuja nasi. Nimempima kwa vigezo vyote na nimejiridhisha kuwa ni wa kwetu. Keki ya themanini tutamkatia sisi wanne, saa tisa kamili, bila mshangao wowote.

Naamini utalipokea ombi hili kwa moyo ule ule uliotumia kuandika lako. Ni kwa faida yenu.

Nisalimie Neville na nyanya zake. Msalimie Mama Mkwe, mwambie kizuizi cha upepo cha hema nimekishona. Darryl anawasalimu, bado yuko kwenye majani.

Wako katika ukoo,
Kerryn Laidlaw

Tanbihi. Barua zangu zote Tilda huzisoma kabla hazijatoka, kwa sababu ya makosa. Ana miaka kumi na moja na hana huruma. Amesema tulifika kwako kasoro dakika sita, si kumi. Amesema nyanya zilikuwa nane, ya tisa ilikuwa bilinganya, na siku ile mpakani alikosea, anaomba ofisa ajulishwe. Halafu akasema namba nne haijakamilika. Nikamuuliza imepungua nini. Akasema, kwa sauti ile ile aliyohesabia nyanya, kwamba siku ile Naracoorte, nyuma ya gari, mimi nilimwambia Baba yao, "Bora watoto tungewaacha nyumbani." Dirisha lilikuwa wazi. Amekaa nalo mwaka mzima, Jeanette, na hakuwahi kulitaja kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Nilimwomba msamaha. Akaniambia sawa, lakini niandike, la sivyo barua ni ya uongo. Basi nimeandika.

Nilitaka niichane barua yote. Nikaingia jikoni, nikamkuta Rory ubaoni. Kwenye picha ya gari, siti ya nyuma ina nafasi tatu, yake dirisha la kulia, ya Tilda dirisha la kushoto, na ya kati nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya kasha la barafu. Hapo kati ameweka picha yako. Ile ya gatini, uliyofumba macho. Sijui aliitoa wapi; Tilda anasema ameitunza chini ya mto tangu Januari. Nilimwambia Shangazi ana gari lake, nikaibandua. Akaibandika tena, akakaa chini akaitazama. Sheria ya ubao unaijua sasa.

Kwa hiyo ombi langu nimeliondoa, na lako nalo halipo tena. Uje uwanjani kwetu saa kumi na mbili kamili, ya kwetu. Kiti cha kati kigumu kidogo, chukua mto. Usimguse Rory begani, hapendi. Ukikaa kimya atakuegemea mwenyewe karibu na Edenhope.