Yai la Nyekundu Sitini na Moja

Alhamisi, 2 Aprili

Mwalimu Ljubinka ametukumbusha leo. Jumatatu ya Pasaka, ukumbi wa kijiji, mashindano ya gemu za kompyuta zilizotengenezwa na wanafunzi. Mada: mchezo wa kijiji chetu. Mshindi ataenda kambi ya kompyuta mjini Novi Sad mwezi wa saba, wiki mbili nzima. Nafasi ni moja. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliwahi kutaka farasi.

Tumebaki washindani wawili. Mimi na Relja wa dawati la nyuma, ambaye amekuwa akinikanyaga kisigino tangu darasa la kwanza. Sote tumechagua kugonganisha mayai ya Pasaka, kwa kuwa kijiji hiki hakina mchezo mwingine. Unashika yai lako, mwenzako anashika lake, ncha kwa ncha, ta! Lililopasuka linachukuliwa na mshindi.

Relja alinionyesha gemu yake wakati wa mapumziko. Masikini! Mayai yake ni kama viazi vilivyochorwa na mtu aliyefumba macho. Hayana hata kivuli. Nilimwambia kwa adabu kwamba mtu hawezi kuingia katika gemu asiyoiamini, na kwamba picha halisi ndiyo mlango. Akanijibu kwamba yeye anatengeneza gemu, mimi natengeneza kalenda. Akaongeza, "Kalenda nzuri lakini, dada. Utuletee moja ya ukutani."

Nilirudi kwenye dawati langu. Nimelelewa vizuri.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimemaliza rangi ya ganda! Nyekundu za aina sitini na moja. Nimezinakili kutoka kwa Mlinzi wa Nyumba wa mwaka jana, yaani lile yai la kwanza ambalo Bibi hulitia rangi Ijumaa Kuu na kuliweka mbele ya sanamu ya mtakatifu hadi Pasaka ifuatayo. Tangu Januari nalitazama kwa kioo cha kukuzia. Nakijua kila kitundu cha ganda lile. Hakuna binadamu anayelijua yai kama mimi.

Tatizo dogo. Gemu inachukua dakika kumi na moja kufunguka. Kompyuta ya Baba inakoroma, kisha inatoa joto. Paka amehamia juu yake.

Mpango: kupunguza uzito. Nimeondoa watazamaji wote mia moja na ishirini. Nani huja kwenye mashindano kutazama watazamaji?

Jumapili, 5 Aprili

Bado dakika kumi na moja. Nimeondoa meza, ukumbi na anga. Paka hajashuka.

Jioni nimemwondoa mpinzani. Uamuzi mgumu, maana mkono wake ulikuwa na mishipa mizuri sana. Lakini ilibidi nichague kati ya mishipa ya mkono na mng'ao wa ganda. Msanii lazima ajue kuchagua.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeondoa kugonga. Kwa muda tu.

Sasa yai linazunguka. Ukibonyeza, linazunguka upande wa pili. Nuru inateleza juu ya ganda kama asali. Nilibonyeza kwa nusu saa nikiwa na machozi. Baba alipita, akauliza linapasuka lini. Nilimweleza kwamba halipasuki. Akasema aha, akaenda kulisha nguruwe.

Jumatano, 8 Aprili

Mpango wa kijasusi. Nimemtuma Bibi kwa kina Relja aazime hamira, aione gemu, arudi na taarifa. Bibi hajawahi kugusa kompyuta, kwa hiyo nilitarajia atarudi baada ya dakika tano akilaani.

Alirudi baada ya saa mbili na nusu. Supu imekauka, tambi zimeshikana na sufuria. Hamira hakuleta.

Taarifa yake haikuwa na mpangilio. Alisema katika gemu ya Relja unachagua yai kwa kuligonga kwenye meno na kusikiliza, kama watu wazima wanavyofanya, na kila yai lina mlio wake. Alisema ukilishika chini sana unapigwa, ukilificha mno ndani ya ngumi mwamuzi anakufokea. Alisema amemshinda mjinga mmoja anayeitwa Kompyuta mara kumi na tisa, na huyo Kompyuta hana haya, kila akishindwa anataka tena. Nilimuuliza kuhusu picha. Bibi akauliza, picha gani?

Nimefadhaika kidogo. Lakini Bibi haoni vizuri.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Bibi ametia mayai rangi kwa maganda ya vitunguu. La kwanza, Mlinzi mpya, alilitoa mwenyewe mfukoni mwa aproni na akanifukuza jikoni alipokuwa akilichemsha. Kila mwaka ni hivyo. Nadhani ni mambo ya sala.

Mlinzi mpya ni mzuri ajabu. Na ni sawasawa kabisa na yai langu la kwenye skrini! Hapo ndipo lilipozaliwa wazo. Nitaliazima kwa saa moja, nitaliweka mezani kando ya skrini, na watu wote watajionea kwamba haiwezekani kutofautisha. Bibi hatajua. Atakuwa ukumbini akinipigia makofi.

Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na sheria, kwa kuwa ndizo zilizoniua.

Mwalimu Ljubinka aliweka kikapu mbele ya kila gemu. Kila mtu anacheza, kisha anaweka yai moja katika kikapu cha gemu iliyompendeza. Anayepata mengi anakwenda Novi Sad.

Kwa Relja walijipanga foleni tangu mwanzo, wazee kwa watoto, wakigonga mayai kwenye meno na kuzomeana. Kwangu gemu ilikuwa inafunguka. Dakika ya sita alikuja Babu Paja, mwamuzi wa kugonganisha mayai wa kijiji tangu kabla Baba hajazaliwa. Akatazama skrini nyeusi. Akamtazama Mlinzi mezani. Akaniambia, "Haya mjukuu, shika."

Sikuweza kumkatalia mzee. Nilishika. Ta! Yai lake likapasuka.

Babu Paja akacheka, akalitia yai lake kikapuni mwangu. Akaja mwanawe, ta, kikapuni. Akaja mpiga ngoma wa bendi ya zimamoto, mayai mawili, ta, ta. Watu wakaanza kutoka kwenye foleni ya Relja! Walisema mtoto wa Ilija, yaani mimi, ana yai la ajabu, njooni muone, na mwanamke mmoja akaapa kwamba nimelichemsha kwa chumvi ya bahari. Mlinzi hakutikisika. Kikapu kilijaa, nikaomba ndoo. Nyuma yangu gemu ilifunguka, yai likaanza kuzunguka kwa nyekundu zake sitini na moja. Hakuna aliyegeuka. Sikujali. Nilihesabu thelathini na nane! Relja alikuwa na ishirini na sita. Nilishaanza kufikiria soksi za kubeba.

Relja akaja mwenyewe. Alisema kwa heshima kwamba kura zangu zote zimepasuka. Nilimwambia yai ni yai. Akasema yai lililopasuka si kura, ni malipo ya aliyeshindwa, hata mtoto mchanga anajua. Mwalimu Ljubinka akaitwa. Akaangalia ndooni, akaangalia juu, akasema anasikitika, lakini kura nzima katika kikapu changu ni moja. Ilikuwa ya Baba.

Nilijitetea kwamba hata hivyo yai langu ndilo bora kijijini. Babu Paja akasema hilo ni kweli, tena ajabu, akaomba alione. Akaligonga kwenye jino lake. Akaligonga tena.

Akasema, "Hili la kanga."

La kanga! Yule ndege wa madoadoa, mwenye yai gumu kama kokoto, aliyepigwa marufuku katika mashindano yetu kabla sijazaliwa! Babu Paja akaniuliza, mtoto, hukuona lilivyo dogo? Hukuona ncha yake ilivyochongoka? Miezi mitatu na kioo cha kukuzia. Vitundu nilivijua vyote. Kuku sikumuuliza.

Watu wote wakamgeukia Bibi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Bibi akiwa na nyekundu ya sitini na mbili. Alisema kwa sauti ndogo kwamba nyumba inahitaji mlinzi imara.

Relja ameshinda. Nimempa mkono. Nililia chooni, kwa dakika nne tu.

Jumanne, 14 Aprili

Asubuhi tumekula saladi ya mayai na vitunguu vibichi. Mchana saladi ya mayai. Bibi hanitazami, mimi simtazami, lakini ameniwekea kipande kikubwa cha keki ya jozi.

Alasiri Relja alisimama langoni. Aliongea haraka akitazama viatu vyake. Kwamba jana watu watatu walimuuliza kwa nini mayai yake yanafanana na viazi. Kwamba amemwomba Mwalimu, na Mwalimu amepiga simu kambini, nao wamesema wawili wanaweza kuja wakileta gemu moja. Kugonga kwake, ganda langu. Sharti ifunguke kwa sekunde kumi. Kisha akasema, "Yai tu, Dunja. Naomba yai tu."

Nilimwambia macho yangu yamewashwa na vitunguu. Nilimwambia ndiyo. Akaondoka akiruka madimbwi, na nadhani alikuwa akipiga mluzi.

Novi Sad! Nitafanya kazi kwa bidii na unyenyekevu. Nimekaa chini nikafikiria kwa utulivu kasoro ya gemu yetu iko wapi, na nimeipata. Nani ataliamini yai ambalo hajamwona aliyelitaga? Relja hajalifikiria hilo, ni mtu wa kugonga tu. Nitamshangaza.

Nimeshamshika kuku wa Bibi na kumweka chini ya taa. Nimemaliza kuchora unyoya wa kwanza. Yamebaki kama elfu nane.