Pipa la Marehemu na Maji ya Kunawa

Leo Jumamosi, hapa mtaani Katoyi, nimepoteza nyusi zangu zote mbili. Mume wangu nilimpoteza kabla ya mvua hizi kuanza, na huyo nilimlia. Nyusi sijui zinaliliwa namna gani.

Tulikuwa tunamaliza matanga. Familia yake yote ilikuja. Shemeji Bahati alikuja na shati jeupe, na mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, wa kubeba pipa.

Pipa ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma. Unalijaza magunzi ya mahindi, unayawasha, unayanyima hewa, yanatoa gesi. Mvuke wa maji ukipita kwenye makaa mekundu, hidrojeni inaongezeka. Gesi inapita ndani ya ndoo ya maji iliyofunikwa, inatokea kwenye bomba, unaiwasha, unapika. (Niliishia darasa la sita. Haya niliyasikia kila jioni, nikitaka nisitake.)

"Shemeji, hii ni chuma ya kuuzisha," Bahati akasema. "Inakula nafasi bure."

"Inapika."

"Nani aliiona ikipika?"

Ni mimi tu. Muzee, baba mkwe wangu, akakata maneno: "Tukule kwanza. Kisha awashe. Ikiwaka, inabaki kwake. Ikikataa, inapanda chukudu."

Ndoo nilikuwa nimeijaza maji safi asubuhi. Lakini wakati wa chakula bidoni zote za maji zilikuwa zimekauka, robine ya uani nayo haitoi hata tone, na wazee wamekaa mbele ya fufu wakiangalia mikono yao. Nikachota maji ya ile ndoo mpaka yakaisha. Wakanawa wote. Muzee akasema, "Bibi ya mutoto wangu hakosi maji." (Nikafurahi. Mimi ukinisifu, ninasahau kila kitu.)

Nikawasha magunzi. Familia ikasogea karibu, Bahati mbele kabisa. Nikangoja kidogo, kama marehemu alivyokuwa akingoja. Nikainama na kiberiti.

Sasa, maji yale kazi yake ni kuzuia moto usirudi nyuma kupitia bomba. Nilikumbuka hilo kiberiti kikiwa kimeshafika.

Kifuniko cha ndoo kilienda kwa jirani. Masizi yakashuka juu ya familia nzima, polepole, bila kubagua. Hakuna aliyeumia, isipokuwa nyusi zangu.

Kisha Bahati, shati sasa likiwa la matanga kweli: "Shemeji, leta maji tunawe."

"Maji mulishanawa."

Muzee akaanza kucheka. Tangu tumzike mtoto wake sikuwa nimemsikia akicheka. "Iliwaka ao haikuwaka?" akauliza.

"Iliwaka, Papa."

"Basi ibaki."

Mutu wa chukudu hakungoja kuambiwa. Alishakuwa barabarani, chukudu tupu.

Wageni wameondoka. Nimejichorea nyusi kwa mkaa wa magunzi yale yale, na moja imepanda juu kuliko mwenzake. Kesho kanisani mukiniona, naomba muangalie mbele, kwa padiri.