Diski Mpya ya Serafina

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ee Mungu wangu, siku gani hii! Leo amekuja Ritha, fundi wa kompyuta kutoka Kahama. Padre Edward anataka akina mama wa parokia wawe na kompyuta yao, na hela ya kununua nyingine hakuna. Basi Ritha anatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta yangu ya ofisini! Itakuwa na diski yake, ambayo kumbe si kitu cha kushika, ni faili moja kubwa tu. Atakayeitumia ni Serafina, mwenyekiti wao.

Nikauliza, kama mtu apendaye elimu, hiyo nafasi inatoka wapi. Ritha akasema palipokuwa na vitu vilivyofutwa. Kufuta, akasema, ni kuondoa jina tu. Maandishi yenyewe yanabaki chini mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Wewe daftari peke yako nakwambia. Januari nilimwandikia Baba Askofu barua isiyo na jina kwenye kompyuta hii hii, kumsema Serafina. Anaitaka meza yangu, najua! Kasoma kompyuta miezi mitatu Geita mjini, anachapa kwa vidole vyote kumi. Mimi natumia viwili. Miaka kumi na miwili karani wa parokia, wakinitoa hapa niende wapi? Barua sikuituma. Niliogopa, nikaifuta. Nilidhani nimefuta.

Jumanne, 4 Machi

Rozari mbili kabla ya chai. Kisha nikambana Ritha: diski mpya ikisomwa, ndani kuna nini? Akasema inategemea. Ukiitengeneza polepole, mashine inajaza sifuri kila mahali, anayesoma anakuta sifuri tupu. Ukiitengeneza haraka, inachukua nafasi ilivyo, na mabaki ya zamani yamo humo humo. Padre ameshamwambia afanye haraka.

Haraka! Nikampelekea viazi vitamu na maziwa ya mgando. Nikamwambia kesho ni Majivu, Kwaresima inaanza, si vizuri parokia ianze na kitu kisicho safi. Akacheka mpaka akapaliwa. Haya mama, sifuri utazipata. Akaianzisha, akaenda kumsalimu Padre.

Nikabaki natazama asilimia. Kumi. Kumi na mbili. Lori la mgodini likipita, dirisha linatetemeka, na mimi pia. Ilipofika arobaini nikaona niiongezee nguvu. Chupa ya maji ya baraka ipo kabatini. Nikanyunyiza. Kwa jina la Baba, na la Mwana... Kabla sijafika kwa Roho Mtakatifu ikalia tiii! Ikazima.

Ritha akaifungua, akaikausha kwa feni mchana kutwa. Akauliza maji yametoka wapi. Nikasema paa linavuja. Akachungulia nje, jua linawaka. Akarudi kwenye feni yake. Ilipowaka tena muda ulikuwa umekwisha, kesho anakabidhi. Akatengeneza ya haraka.

Nimekwisha.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Makabidhiano baada ya misa. Majivu usoni kwangu, majivu usoni kwa Serafina. Na Serafina, kwa ule usomi wake wa Geita, akataka kwanza aone diski yake ina nini. Ritha akafungua programu ya kuisoma yote. Sifuri. Sifuri. Sifuri, ukurasa baada ya ukurasa, zile zilizojazwa jana kabla ya maji! Nikaanza kumshukuru Mama Maria. Ndipo Serafina akasema hebu ngoja, rudisha juu, kuna maneno.

Akasoma kwa sauti. "Baba Askofu, mimi nisiyetajwa jina, niliyekaa kwenye meza ya ofisi ya parokia miaka kumi na miwili..."

Yesu na Maria! Akasoma hadi mwisho. Kwamba Serafina anaimba Bwana Utuhurumie kwa sauti ya kumfunika Padre. Kwamba maandazi anayompelekea Padre si ya bure. Ritha akawa anahesabu mbao za dari. Nikasubiri ainuke aende kwa Padre.

Hakuinuka. Akasema, mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, si ungeniuliza tu? Kumbe ni Padre aliyemtuma akasome, ili anisaidie mimi, kwa kuwa Oktoba nilitoa cheti cha ndoa ya mwaka 2042! Hayo macho, akasema, ni mtoto wa jicho, tutakwenda pamoja hospitali. Meza ni yako mayu, mimi nina ng'ombe wa kukamua. Akamwambia Ritha aijaze sifuri, polepole, hata ikifika jioni. Padre hataambiwa.

Nililia mpaka majivu yakanifika shingoni. Nimeapa. Barua isiyo na jina, kamwe tena!

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaza siku mbili na hofu imerudi, kubwa kuliko ya kwanza. Mtu hawezi kuwa mwema hivyo bure. Leo kaniletea mto wa kukalia! Wa nini? Anapima kiti.

Baba Askofu lazima ajue. Diski ya Serafina sasa ni sifuri tupu, hakuna mahali safi kuliko pale, kwa hiyo nimeandikia humo. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Meza sikuitaja kabisa. Nimeanza hivi: "Baba Askofu, mimi nisiyetajwa jina, mama mwenye mtoto wa jicho, niliyesamehewa na Serafina Jumatano ya Majivu..."