Wageni Sitini na Watatu Kwenye Kompyuta ya Dada

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kama si mimi, mtaa huu ungekuwa bado unaandikiana barua kwa mkaa. Naliandika hili mapema, wajukuu wasije wakadanganywa. Intaneti katika duka la dada niliiingiza mimi. Fundi alileta waya, kweli. Dada alilipa, kweli. Lakini nani alishika ngazi?

Miaka miwili nililinda mlango wa chumba cha kompyuta cha kampuni kubwa. Sikuwahi kuingia ndani. Haikuwa lazima. Elimu ikijaa chumbani huvuja chini ya mlango, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ndiyo maana mtaani naitwa Injinia. Nilianza kujiita mwenyewe, wengine wakafuata. Watu wawili mpaka sasa.

Mkasa wa leo. Alikuja mzee wa suti kuchapisha kadi za harusi ya bintiye. Nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, nachapa kwa vidole viwili, vidole vya uzoefu. Ghafla pembeni mwa skrini kikachomoza kidirisha: mwanamke anacheka, kitambi kinayeyuka. Nikakifunga. Kikaja kingine: nimeshinda simu. Kikaja cha tatu, hicho kina sauti, kikatangaza kwamba mke mwema ananisubiri mita mia mbili kutoka hapa. Mzee akauliza kama hayo nayo yataingia kwenye kadi.

Alipoondoka nilitoka nikahesabu hatua mia mbili. Nikatokea buchani. Mwenye bucha ana masharubu. Matangazo ni uongo mtupu.

Dada amekasirika. Ijumaa anakuja mwalimu mkuu wa shule ya hapo mbele, mama mkali, anatafuta duka la kumchapia mitihani ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Ama sisi, ama Bwana Wino wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la fotokopi kama letu. Maneno ya dada nayanukuu yalivyo: "Kaka, hayo matangazo yakimpigia kelele mwalimu mkuu, kazi inakwenda kwa Wino. Na wewe unashuka kwenye hicho kiti, unakwenda nyuma kubana karatasi."

Kubana karatasi! Mimi! Na kiti kile, ukijisukuma vizuri, kinazunguka mara nne.

Nimemwambia siku nne ni nyingi mno. Nitatumia moja.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Ugunduzi. Matangazo yote hutokea kona ya chini, kulia. Adui mwenye mazoea hana maisha marefu. Nikakata kadibodi, nikachukua seloteipu, nikaziba kona. Ushindi! Nikazunguka kitini mara tatu.

Saa nne yakahamia kona ya juu. Nikaziba. Yakahamia kushoto. Nikaziba. Kufikia adhuhuri skrini imebaki tundu la ukubwa wa bahasha, na kitambi kinayeyuka humo humo ndani ya tundu.

Fundi cherehani wa jirani akaja kuandikiwa barua ya kulalamikia umeme. Nikamwandikia kupitia tundu, neno moja moja, kama mtu anayechungulia wageni kwenye tundu la ufunguo. Barua ikatoka na mistari inayopanda mlima. Fundi akaikunja akasema yeye hata tambara la jikoni halikati hivyo.

Halafu sauti. Sauti haizuiwi na kadibodi. Si kwamba sikulifikiria hilo. Nililifikiria, nilikuwa nalipatia muda.

Dada alibandua kadibodi zote bila kusema neno. Nimeishi na dada miaka mingi. Akigomba, unakula. Akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Ujasusi. Nikavaa miwani ya jua, nikashika karatasi moja mkononi kama mteja, nikavuka barabara. Bwana Wino ana vidole vyeusi na meno meupe, vyote sivipendi. Kabla sijafika mlangoni akaniuliza kama Injinia leo anaumwa macho.

Skrini yake! Safi kama sahani ya mgeni. Habari ni habari, kitambi hakuna. Nikamwuliza kwa kuzunguka, kiutu uzima, kwamba nina rafiki yangu ana tatizo hili na hili. Bwana Wino akacheka hadi akashika meza. Akasema nimwambie huyo rafiki aingie kwenye kivinjari, kile kile anachofungulia kurasa za mtandao, humo kuna duka la nyongeza. Atafute kizuia matangazo kinachosifiwa na watu wengi, akiweke, basi. Bure. Na asiokoteokote vitu njiani.

Sasa nauliza. Mpinzani gani anakupa siri yake bure, siku mbili kabla ya vita? Mtego! Nikaunusa kutoka mbali. Nikarudi mbio kufanya kinyume chake kabisa.

Nikaandika: kizuia matangazo bora kuliko vyote duniani. Cha kwanza kabisa juu kilikuwa cha dhahabu, kina ngao na simba. Ubavuni kulikuwa na neno dogo limeandikwa kwa rangi hafifu, lakini miwani niliyovaa ilikuwa ya jua, si ya kusomea. Baadaye niligundua limeandikwa "Tangazo".

Simba akaniuliza: unaruhusu? Kwa adabu kabisa. Nikabofya Ruhusu. Akauliza la pili. Ruhusu. La tatu. Ruhusu. Nilibofya mara kumi na moja, kidole kimenyooka, kama waziri anayekata utepe.

Halafu nikawaza, askari mmoja halindi ghala. Nikaweka watatu.

Kufikia alasiri askari wangu wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe. Wa kwanza anasema wa pili ni bandia. Wa pili anamuuza wa tatu. Wa tatu anauza dawa ya kitambi. Na kompyuta imepata sauti ya mwanamume mnene; kila baada ya dakika tano inasema "Hongera". Fundi cherehani alikuwa anapita nje, akaitikia asante.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeamka na akili mpya. Maji yakifurika nyumbani hupigi deki, unafunga bomba. Nikachomoa waya wa intaneti.

Kimya. Kimya kitamu! Nikamwita dada nikamwonyesha skrini kama baba aliyepata mapacha. Akaitazama. Akauliza mwalimu mkuu atatuma mitihani kwa njia gani. Nikasema ataileta mkononi, kama walivyofanya wahenga. Dada akasema hapana, mama yule ameshasema kwenye simu kwamba atatuma kwa barua pepe, akiwa amesimama hapa hapa dukani, aone kwa macho yake. Akarudisha waya.

Hongera, ikasema kompyuta.

Dada akakaa juu ya boksi la karatasi. Tangu afungue duka sijamwona amekaa saa za kazi. Akasema polepole kwamba amechoka kuchapa barua mojamoja kama anayeokota choroko. Kwamba kazi hii ya shule ndiyo ingeleta printa ya pili, na yeye akapumzisha mgongo. Hakunitukana hata kidogo. Ningependa anitukane.

Saa saba akapita mpwa wangu, binti wa dada, ametoka zamu. Ni muuguzi. Jicho lake linakupima joto ukiwa bado mlangoni. Nikamweleza kwamba kompyuta imevamiwa na wataalamu kutoka nje. Akavuta kiti changu. Changu! Akaingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya arifa, jumbe zile zinazochomoza, ikashuka orodha ndefu ya kurasa, kama ya wachangiaji wa harusi. Akahesabu kwa kidole.

"Mjomba, hii mashine haiumwi. Ina wageni sitini na watatu, na kila mmoja ana ruhusa. Nani amewakaribisha?"

Nikasema majirani. Nikataja pia upepo.

Akawafuta mmoja mmoja. Akawang'oa na askari wangu watatu. Yule wa dhahabu alibembeleza, aliuliza mara mbili kama tuna uhakika. Kisha, Mungu anisamehe, akaingia kwenye duka lile lile alilolitaja Bwana Wino, akaweka kizuizi kimoja. Dakika nane, na chai alikuwa anakunywa. Kurasa zikawa nyeupe kama shuka za wodini.

Akanipa maelekezo, taratibu, kama anayempa mgonjwa dawa za kwenda nazo nyumbani. Kizuizi hiki kinazuia matangazo ya kwenye kurasa. Lakini hakimfukuzi mtu niliyemkaribisha mwenyewe. Ukurasa ukiomba kunitumia arifa, vitufe ni viwili: Ruhusu na Zuia. Nibofye cha pili.

Cha pili! Miaka yote hii kumbe kilikuwapo pale pembeni.

Nimeandika kwenye ubao wa mlangoni: Mitambo imesafishwa na Injinia.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku yenyewe. Shati jeupe, tai ya mazishini. Mwalimu mkuu akaingia saa tatu kamili. Mama mfupi, lakini ukimwona unatoa mikono mfukoni. Ng'ambo Bwana Wino amesimama kizingitini anajifanya anafagia. Anafagia pale pale.

Mama akatuma mtihani kutoka kwenye simu yake. Ukaingia. Nikaufungua. Kimya kama maktaba. Nikachukua nafasi hiyo kumweleza kwa ufupi habari zangu: jinsi nilivyowahi kutengeneza redio kwa kuikazia macho, na jinsi kampuni ile kubwa ilivyolia nilipostaafu. Akasema tuendelee na kazi.

Akataka mchoro wa moyo kwa ajili ya mtihani wa sayansi. Akanitajia ukurasa, nikaufungua. Na pale juu, kushoto, taratibu, kikachomoza kidirisha kidogo. Kinaomba kunitumia arifa. Unaruhusu?

Mkono ukaenda wenyewe. Kipanya kikatua juu ya Ruhusu kama nzi juu ya embe. Nyuma yangu dada akasogea karibu. Jasho likanishuka ndani ya tai. Mwalimu mkuu akauliza kuna nini, mbona nimeganda. Nikasema napima.

Kutoka Ruhusu hadi Zuia ni safari ya nusu kidole. Nimewahi kutembea siku tatu bila viatu, haikuwa ndefu vile. Nikafika. Nikabofya. Kidirisha kikaenda zake bila hata kwaheri, na mimi nikakionea huruma.

Mchoro ukatoka safi, mishipa yote inaonekana. Mama akaugeuza mbele na nyuma, akauinua kwenye mwanga. Akamwambia dada: "Duka lako limetulia, mama. Ukimwondoa huyu bwana. Mitihani naileta Jumatatu."

Dada alinishika bega! Nikatoka mlangoni nikampungia Bwana Wino kwa mikono yote miwili. Akaacha kufagia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nyumba imejaa furaha. Dada anaimba huku anabana karatasi. Printa ya pili imeshaagizwa, itakaa kwenye chumba cha nyuma, pale kilipo kitanda changu. Kilipokuwa. Nimekikuta stoo, kimetandikwa vizuri.

Koti langu la mvua limekuwa kifuniko cha mashine ya fotokopi. Limeikaa kuliko lilivyonikaa mimi, na hilo ndilo linaloniuma. Duka litapakwa rangi ya kijani; habari hiyo nimeipata kwa fundi wa rangi. Mchana wameniwekea chakula bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nayo, tena kali. Lakini mtu huulizwa.

Kurasa saba za habari nimefungua leo. Zote nyeupe. Hakuna aliyechomoza, hakuna aliyenipongeza. Nimezunguka kitini mara moja tu, tena polepole.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Duka limefungwa. Dada na mpwa wamekwenda kumsalimia shangazi. Nimeingia dukani kukagua usalama wa mitambo. Kazi ya kitaalamu, haina Jumapili.

Nikafungua ukurasa wa mbegu za maua. Sina bustani. Kidirisha kikachomoza, kikauliza. Vitufe viwili, nimeviona vyote, safari hii nilivaa miwani ya kusomea. Maelekezo ya mpwa nayakumbuka neno kwa neno, naweza kuyaimba.

Saa hizi wageni wako tisa. Mmoja wa mbegu, mmoja wa magodoro, mmoja anataka kunifundisha kuendesha ndege kwa wiki mbili. Kesho saa tatu mwalimu mkuu analeta mitihani. Sina wasiwasi. Nitawasha redio kwa sauti ya juu, tena ya mpira, na mtu akiuliza kelele za nini nitasema mashine inapasha misuli moto. Ikishindikana nitasema ni Bwana Wino, amepenya kwenye waya. Dada atauliza kama nimebofya kitu, nami nitaapa kwamba kidole kiliteleza.

Hakikuteleza. Hapa naweza kuandika, hakuna anayesoma. Miaka sita naishi kwa dada, wananipenda, wananilisha, wananihamishia kitanda. Aliyewahi kuniuliza kwanza kama naruhusu ni kile kidirisha peke yake.