Ripoti Yangu Juu ya Fundi André

Jumatatu, 8 Julai 1957

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri wa kitubio: watoto wadogo ninawaogopa. Mikono yao inanata na wanakutazama bila kupepesa macho. Leo nimeanza mazoezi ya kazi katika shirika la kulinda watoto.

Masista wa shuleni walinichagua kwa sababu ya insha yangu juu ya upendo kwa wadogo. Kumi na nane juu ya ishirini! Niliiandika nikiwa nimejifungia chumbani ili mdogo wangu asiingie.

Shirika lina ofisi katika nchi kumi na nne. Hapa Élisabethville lina vyumba viwili, kabati moja na Mademoiselle Delvigne, ambaye ndiye mkubwa wetu. Mimi ninanakili majina. Karani, Casimir, ana miaka kumi na tisa na anajiona ana arobaini. Ameniita "bebe" mara tatu.

Likizo ikiisha nitapewa cheti chenye muhuri. Bila cheti, shule ya ualimu hainipokei. Tena Mademoiselle amesema, mwanafunzi atakayegundua mtoto aliye hatarini ataandika ripoti na kuitia sahihi yeye mwenyewe. Sahihi yangu! Nimeshaifanyia mazoezi. Ukurasa mzima.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango: kukaa na daftari karibu na bomba la maji la mtaa wa Kamalondo, kutafuta mtoto aliye hatarini.

Mtoto mmoja alininyang'anya penseli akaitafuna. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi Bula Matari, yaani serikali, anaandikisha hata makamasi. Kicheko bomba zima. Mwingine akasema kama sina kazi nimsaidie ndoo. Nikabeba ndoo nne. Sikuona mtoto aliye hatarini. Aliyekuwa hatarini ni mimi.

Casimir aliuliza kwa nini viatu vyangu vimelowa. Nikamwambia ni uchunguzi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepata!

Mama alinituma matangani, nipeleke unga kwa Mulenga, mjane wa mtaa wa nyuma. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, na walimzika juzi. Ana mtoto mmoja tu, Kalaba, wa miaka minne. Watu walikuwa wamekaa kimya juu ya mikeka. Ghafla akaingia fundi cherehani mmoja, André, mrefu, futi shingoni. Hata pole hakusema. Alimnyakua Kalaba, akamweka begani, akampazia Mulenga sauti: "Weye Samaki, mwenye kukuchunga amekwenda! Huyu mutoto njo wa kwangu sasa. Nitamupika na mafuta ya ngazi!"

Na wanawake wakacheka! Mulenga mwenyewe, ambaye walisema tangu msiba hajala wala hajanena, aliinua kichwa akajibu kwamba apike tu, lakini atatafuna na nini, maana Mamba mwenyewe kibogoyo. Kisha akacheka, machozi yakimtiririka. Fundi hakumrudisha mtoto mpaka alipopewa paja la kuku.

Nilijificha nyuma ya nyumba nikaandika yote. Mtoto kutekwa mbele ya watu. Kutishiwa kupikwa kwa mawese. Fidia, paja moja. Mama kucheka: ama amerukwa na akili kwa huzuni, ama anashirikiana na fundi.

Mungu anisamehe, nilitoka matangani nikirukaruka.

Jumatatu, 15 Julai

Ripoti: kurasa nne za Kifaransa, kichwa cha habari kwa wino mwekundu, nakala tatu. Mademoiselle, ambaye alifika kutoka Ulaya mwezi wa nne, aliisoma mara mbili, akabadilika rangi, akanipa mkono. Mkono! Mbele ya Casimir!

Casimir aliisoma juu ya bega langu, akauliza mama ni wa ukoo gani na fundi ni wa ukoo gani. Nikamjibu kwamba haki haina ukoo. Alinitazama kidogo, akarudi mezani kwake. Wivu.

Saa kumi Mademoiselle akaniambia lililobaki. Jumatano gari litakwenda kumchukua Kalaba. Atapelekwa kwa masista, siku mbili kwa treni, akae huko mpaka atimize miaka kumi na sita.

Miaka kumi na miwili. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimefikiria sahihi tu.

Jumanne, 16 Julai

Nilikwenda kwa fundi, eti anikunjulie pindo la gauni, kumbe natafuta ushahidi zaidi. Moyo ungetulia kama ningekuta angalau sufuria kubwa.

Nilimkuta Kalaba amelala juu ya vipande vya vitambaa, amevaa kaptura mpya ambayo bado ilikuwa na nyuzi za kushikizia. Fundi alinionya nikanyage polepole, chakula chake kimelala.

Nikakusanya nguvu zote nikamuuliza kwa nini alimtukana mjane matangani. Akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba, akasema haya, Bakasai, wageni wa kutoka Kasai, basi hamuelewi. Yeye ni wa ukoo wa Mamba, Mulenga ni wa ukoo wa Samaki. Ni watani tangu mababu. Wao wenyewe huita bunungwe. Samaki akifiwa, Mamba ndiye anayechimba kaburi. "Bwana yake, nani alimuchimbia? Njo miye. Na mikono hii." Kisha akaeleza kwamba mjane akikaa siku mbili bila kula, lazima awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumchekesha. Ndugu hawezi, ataonekana hana adabu. Padri hawezi. Mtani peke yake. Na siku ile, baada ya kucheka, Mulenga alikula.

Pindo langu alilishona bure. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nikasema asante.

Sikula chakula cha jioni.

Jumatano, 17 Julai

Mpango: kumwaga wino juu ya ripoti. Kwa bahati mbaya, bila shaka.

Casimir alitoka kununua mkate, ufunguo akauacha kabatini. Nikafungua. Nikamwaga chupa nzima. Karatasi niliyoilowesha ilikuwa barua ya Mademoiselle ya kuomba likizo.

Halafu nikakumbuka nakala tatu. Moja ilikuwa mfukoni kwa Mademoiselle, moja kwa mkubwa wa polisi, moja angani kwenda Ulaya. Nilizinakili mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Saa tatu garini: dereva, polisi mmoja, Mademoiselle, na mimi, kwa sababu yeye Kiswahili chake kinaishia jambo na asante.

Mulenga alikuwa anasonga bukari. Polisi alipomtajia mtoto, alikaa chini palepale, akambana Kalaba katikati ya magoti, akasema watavunja mikono yake kwanza. Hakupiga kelele. Majirani wakajaa. Fundi André akaja mbio, futi shingoni. Nikafikiri, sasa atatania, na tutakwisha. Lakini alivua kofia, akasema taratibu: "Madamu, huyu mutoto iko na mama yake."

Mademoiselle akaniamuru nitafsiri.

Mimi ambaye darasani hujibu kwa kunong'ona! Sauti ilitoka yote pamoja. Nilisema ni mimi niliyekosea. Kwamba huyu mtu ndiye aliyechimba kaburi la baba wa mtoto. Kwamba kule kutisha ni wajibu wake, kama wengine walivyo na wajibu wa kuleta unga. Kwamba ameshona kaptura, atazame nyuzi. Mademoiselle akazitazama nyuzi. Akauliza nimeyajua haya tangu lini. Tangu jana saa kumi, Mademoiselle. Na wino pia ni mimi.

Akaitoa ripoti mfukoni, akaichana vipande vinne. Kisha akaniamuru niyarudie yote kwa Kiswahili, mbele ya mama, na niseme ni nani aliyeandika.

Nikarudia. Mulenga alinitazama machoni. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Fundi akasema kumbe Bakasai wanauma kuliko mamba, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Ijumaa, 19 Julai

Cheti hakuna. Mpaka likizo iishe nitahesabu mikebe ya maziwa, na nisishike kalamu ndani ya ofisi. Mademoiselle ameichukua nakala ya polisi, tena ameandika Ulaya kufuta ile ya tatu. Baba amesema neno moja tu, "vizuri," na hilo ndilo baya.

Casimir amenigawia karanga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumatatu. Akasema aliniuliza ukoo, mimi nikamhubiria. Hakuniita bebe. Ameniita "Bi Ripoti". Sijui ipi afadhali.

Mchana Mulenga alipita ofisini, Kalaba mgongoni. Nilidhani amekuja kunipiga. Nikajisogeza nyuma ya mikebe. Akaniambia tu: "Mwana, siku ingine uniulize miye kwanza." Akaenda zake.

Uniulize kwanza! Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Ni kweli kabisa. Kosa langu lote ni kwamba niliandika bila kuuliza. Kuuliza kunataka utaratibu, na utaratibu unataka karatasi. Mtu akiwa na maswali yaliyopangwa vizuri, hawezi kukosea. Mademoiselle akiyaona, huenda hata cheti akakifikiria upya. Na kalamu nimekatazwa ndani ya ofisi tu.

Nilipofika nyumbani nilikaa mezani na rula. Nimechora karatasi za maswali: maswali thelathini na moja, nafasi ya ukoo wa mama, ukoo wa baba, ukoo wa mwenye kutisha, na nafasi ndogo ya sahihi yangu. Nakala tatu. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa Mulenga. Alikuwa anapika. Nikamwambia sitakawia, akanionyesha kigoda kwa mwiko. Nikakaa, nikalainisha karatasi juu ya magoti, nikamsomea swali la kwanza: je, una mtoto?